Mwizi, Mjanja au Ayari? Istilahi za Mhusika Mmoja wa Michezo ya Njozi

UTANGULIZI

Kazi ya kuunda istilahi huja pale ambapo jambo limekwisha kuingia katika maisha ya watu na jina lake bado halijaingia. Hapo wasemaji hufanya moja kati ya mambo mawili. Ama hulitaja jambo hilo kwa lugha ya kigeni, ama huliazima neno la Kiswahili lililo karibu bila ya kupima mzigo ambao neno hilo limekwisha kubeba. Njia ya kwanza huinyima lugha nafasi ya kukua. Njia ya pili ni ya hatari zaidi, kwa sababu neno lililochukuliwa pasipo kufikiri huweza kumhukumu mtu kabla hajasikilizwa.

Katika makala haya tunakusudia kuijadili hatari hiyo kwa kutumia mfano mmoja. Tumeuchukua kutoka katika michezo ya njozi ambayo watu wengi huicheza pamoja kwa njia ya intaneti. Katika michezo hiyo kila mchezaji huunda mhusika wake. Yuko shujaa wa upanga, yuko mtenda miujiza, yuko mtibu. Na yuko mmoja anayetembea kwa kunyata, mwenye jambia lililopakwa sumu, afunguaye makufuli na kuchopoa vilivyomo mifukoni mwa maadui. Je, huyu tumwite nani?

Msomaji anaweza kudhani kwamba swali hili ni la watoto. Hatukubaliani naye. Mwalimu atakayeandika katika taarifa ya maendeleo kwamba mwanafunzi wake “hucheza kama mwizi”, mfasiri atakayetafsiri masharti ya matumizi ya mchezo, na mtumishi wa serikali atakayepokea malamiko ya mzazi, wote watalihitaji neno lililo sahihi. Wakilikosa, atakayeumia ni kijana.

Kipimo chetu tumekiweka Kitangari, wilayani Newala, katika uwanda wa juu wa Wamakonde. Pana chuo cha ualimu mahali hapo, na mwalimu ndiye mjumbe mkuu wa istilahi: neno asilolielewa mwalimu halifiki kijijini. Basi neno ambalo mwalimu wa Kitangari anaweza kulieleza kwa mzazi anayetoka katika mikorosho yake, bila ya kumtia hofu na bila ya kumdanganya, tutalihesabu kuwa limefaulu.

ASILI YA MHUSIKA HUYU

Mwaka 1974, huko Marekani, Gary Gygax na Dave Arneson walitoa mchezo uitwao Dungeons & Dragons. Ulichezwa mezani kwa dadu, karatasi na maneno ya vinywa. Mwaka uliofuata, 1975, ziada ya mchezo huo iliongeza fani mpya, na fani hiyo iliitwa kwa neno la Kiingereza lenye maana ya mwizi tu. Mwaka 1978 Roy Trubshaw na Richard Bartle, wa Chuo Kikuu cha Essex nchini Uingereza, walianzisha mchezo wa maandishi uliowawezesha watu kadhaa kuingia katika dunia moja ya kubuni kwa kutumia kompyuta. Kutoka hapo ilizaliwa michezo mikubwa ya intaneti, kama vile EverQuest ya mwaka 1999 na World of Warcraft ya Novemba 2004.

Katika toleo la tatu la Dungeons & Dragons, lililotoka mwaka 2000, fani ya mwizi ilibadilishwa jina. Iliitwa “rogue”, neno ambalo katika sheria za Uingereza za karne ya 16 lilikuwa jina la mzururaji anayestahili adhabu, lakini ambalo kwa kupita miaka lilikuwa limelegea hata likaweza kutajwa kwa tabasamu. Kwa maneno mengine, waundaji wenyewe wa mchezo walifanya kazi hii hii tunayoifanya leo. Waliliacha neno linalotaja kosa, wakachukua neno linalotaja tabia. Itakuwa ajabu ikiwa sisi, tunaofasiri baada yao, tutarudi kwenye neno walilolitupa.

NAMNA ANAVYOUNDWA NA KUCHEZWA

Istilahi njema hufuata maelezo, haiyatangulii. Yatupasa basi kwanza tumweleze mhusika huyu alivyo. Tutatumia World of Warcraft kama ilivyokuwa ilipoanza mwaka 2004, kwa kuwa taratibu zake zilikuwa wazi na zimeigwa na wengi.

Mchezaji huanza kwa kuchagua fani, na fani hiyo haibadiliki. Baada ya hapo mhusika hupanda daraja moja baada ya jingine, kama mtumishi apandavyo, mpaka daraja la 60. Kuanzia daraja la 10 hupewa nukta moja ya kipaji kwa kila daraja, jumla yake nukta 51. Nukta hizo huwekwa katika matawi matatu. La kwanza ni la sumu na mapigo ya kuua kwa ghafla, la pili ni la kupigana ana kwa ana, na la tatu ni la kujificha na kuhadaa. Kukifikia kipaji cha juu kabisa cha tawi lolote huhitaji nukta 31. Msomaji apige hesabu: matawi mawili yatadai nukta 62, na mchezaji anazo 51 tu. Kwa hiyo hawezi kufika kilele cha matawi mawili. Kuunda mhusika ni kukata kama akatavyo mchongaji wa mpingo, ambaye kila anapoamua mkono uwe hapa amekwisha kuamua kwamba hauwi kule.

Mwili wa mhusika huyu ni dhaifu. Hawezi kuvaa deraya ya chuma, huvaa ngozi. Akisimama uso kwa uso na maadui watatu, mara nyingi atakufa. Nguvu yake imo katika mambo manne.

Jambo la kwanza ni kunyemelea. Akiwa amenyemelea, hutembea polepole kuliko kawaida na adui huwa hamwoni mpaka amkaribie mno. Akipiga pigo la kwanza, huonekana. Maana yake ni kwamba pigo la kwanza ndilo lenye thamani, na kulichagua saa yake ni nusu ya kazi nzima.

Jambo la pili ni mahali pa kusimama. Pigo la mgongoni, ambalo ni miongoni mwa mapigo yake makali, halipigwi ila kwa jambia na ila akiwa nyuma ya adui. Mchezaji asiyejua kuzunguka hana faida nalo.

Jambo la tatu ni matumizi ya pumzi. Mhusika huyu ana akiba ya nguvu 100, ambayo kila pigo huipunguza na ambayo hurudi yenyewe, 20 kwa kila sekunde mbili. Mtenda miujiza akiishiwa akiba yake hukaa chini muda mrefu kuipata tena. Huyu wetu haishiwi kwa muda mrefu, lakini pia hana wingi. Hupiga, hungoja, hupiga. Tunapendekeza akiba hii iitwe “pumzi”, wala isiitwe “nishati”. Nishati tumekwisha kuipa umeme, mafuta na wizara yake, na haitoki moyoni mwa mtu. Pumzi kila mwanakandanda anaijua: huisha kwa kukimbia na hurudi kwa kutulia.

Jambo la nne ni mfululizo. Kila pigo la kawaida humwongezea alama, hadi alama tano, na alama hizo hutumiwa zote pamoja katika pigo la kumalizia. Atumiaye mapema hupata pigo jepesi. Angojaye mno huweza kukuta adui wake ameanguka kwa mkono wa mwingine na alama zimepotea.

Zaidi ya hayo anayo njia ya kutoweka vitani, ambayo katika taratibu za wakati ule aliweza kuitumia mara moja tu kwa kila dakika tano. Katika kikosi cha watu watano huingia mbele ya wenzake, akamzubaisha adui mmoja kabla ya mapigano, na huwafungulia wenzake makasha yenye kufuli ambayo wao hawawezi kuyafungua. Fani inayoonekana kuwa ya mtu peke yake ndiyo ambayo kikosi huikabidhi makasha yake.

SUNGURA NA KISIMA

Sifa hizi tulizozitaja si ngeni kwetu: mwili dhaifu, subira, kuchagua saa, kujua njia ya kutokea. Wasomaji watakuwa wamekwisha kumtambua Sungura. Ndiye aliyewafunga Tembo na Kiboko kamba moja, kila mmoja akidhani anavutana na Sungura mwenyewe. Katika pwani yetu yuko pia Abunuwasi, ambaye hana jeshi wala mali, na bado Sultani hamwezi.

Lakini hekaya za Sungura hazimsifu tu. Iko ile isimuliwayo katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki, ya wanyama waliochimba kisima wakati wa ukame. Sungura alikataa kuchimba, kisha akawa anakuja kuiba maji, akawahadaa walinzi mmoja baada ya mwingine, mpaka Kobe aliyejipaka ulimbo akamnasa. Hadithi hii inaposimuliwa mahali kama Kitangari haichekeshi kama inavyochekesha mahali penye mito. Uwanda wa Makonde hauna maji ya juu ya ardhi. Kwa vizazi vingi wanawake waliteremka mabondeni kuteka maji na kupanda nayo kichwani, na ni katika miaka ya 1950 mradi mkubwa ulipoanza kuyapandisha kwa pampu. Msikilizaji wa huko anajua vizuri tofauti ya ujanja wa kumshinda mwenye nguvu na ujanja wa kunywa jasho la mwenzio. Tofauti hiyo ndiyo istilahi zetu zinazopaswa kuilinda.

MAJINA YANAYOSHINDANIA NAFASI

Utaratibu uliozoeleka wa kutafuta istilahi ni kuanza na Kiswahili chenyewe pamoja na lahaja zake, kisha lugha nyingine za Kibantu, kisha lugha nyingine za Afrika, na mwisho lugha za nje. Tuyatazame majina yaliyopo.

“Mwizi” na “jambazi” tunayakataa. Yanataja kosa la jinai. Aidha, hayaelezi kunyemelea, wala sumu, wala subira. Yanaeleza tendo moja tu kati ya mengi.

“Mhuni” hutaja mtu asiye na makao au adabu. Mhusika wetu ana nidhamu kubwa, kama tulivyoona katika hesabu ya pumzi na alama.

“Kangomba” ni neno la kusini, na wasomaji wa Mtwara na Lindi watalifikiria. Ni ununuzi wa korosho nje ya utaratibu halali, na limezidi kusikika tangu mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza kutumika kwa korosho mwaka 2007. Neno hili ni hai na lina ladha, lakini lina jeraha ndani yake. Mkulima aliyeuza mavuno yake kwa bei ya chini kabla hayajakomaa hawezi kulisikia kama jina la mchezo.

“Sungura” ni jina zuri la kuelezea, lakini ni jina la mnyama, na katika dunia za njozi wanyama wenyewe wamo. Mchezaji akisema “nimeuawa na sungura”, hatutajua amekusudia nini.

“Mjanja” ndilo neno lenye nguvu kuliko yote yaliyotangulia, na wengi watalipendelea. Ni la Kiswahili, linaeleweka Kitangari kama linavyoeleweka Unguja, na siku hizi limesafishika: tunasema “simu janja” na hakuna anayedhani simu hiyo ni tapeli. Hata hivyo lina upungufu mmoja mkubwa. Ujanja ni sifa, na sifa inaweza kuwa ya fani yoyote. Shujaa wa upanga anaweza kuwa mjanja. Na mchezaji mpya aliyechagua fani yetu hii bila kuijua anaweza kuwa mjinga kabisa. Tutamwita “mjanja mjinga”? Istilahi inayojipinga yenyewe mara tu inapopewa kivumishi haifai.

Linabaki “ayari”. Neno hili limo katika kamusi zetu kwa maana ya mtu mdanganyifu au laghai, lakini halisemwi sana mitaani. Asili yake ni Kiarabu, na historia yake yastahili kuelezwa. Kati ya karne ya 9 na ya 12, katika miji ya Iraki na Uajemi, maayari walikuwa makundi ya vijana wenye silaha. Watawala waliwaita wezi. Watu wa mitaani mara nyingine waliwaona watetezi wao. Mmoja wao, Yaakub bin Laith, mfua shaba wa Sistan, alijipatia dola mwaka 861. Katika hekaya za Kiajemi ayari ni mtu apandaye kuta usiku, ajibadilishaye sura, atumiaye dawa ya usingizi, na wakati huo huo ashikaye ahadi yake hata kufa. Ni vigumu kupata neno lililo karibu zaidi na mhusika wetu. Kiswahili kililipokea neno hili na upande wake mmoja tu, ule wa hila. Sisi tunapendekeza kuurudisha na upande wa pili.

Kuna watakaopinga kwamba ayari bado ni laghai. Tunajibu kwamba neno la Kiingereza nalo lilikuwa jina la mkosaji, na mchezo ukalipa maana maalumu bila ya kuifuta ile ya zamani. Kuna watakaosema kwamba mwalimu wa Kitangari hatalijua mara ya kwanza. Ni kweli, na hilo ni faida. Neno lisilotumika sana linaweza kupewa maana mahususi bila ya kugombana na mazoea. Mwalimu atamwambia mzazi: “Ayari ni sungura wa mchezo huu”, na mzazi atakuwa ameelewa. Tena neno lenyewe ni fupi, na linanyumbulika: ayari, maayari, uayari. Tutaweza kusema “ayari mjanja” na “ayari mjinga”, na semi zote mbili zitakuwa na maana.

MCHEZAJI, MHUSIKA NA KOSA LA KWELI

Yafaa sasa tuligusie jambo lililo zito zaidi, yaani mpaka kati ya tendo la mchezo na tendo la dunia.

Lugha yetu imezoea mpaka huu. Katika bao tunasema mtu “amekula” kete za mwenzake, na hakuna aendaye kushtaki. Wamakonde wanao mfano mwingine, ule wa wachezaji wa vinyago waitwao midimu, ambao Mjerumani Karl Weule aliwaona katika uwanda huo mwaka 1906. Aliyevaa kinyago hatajwi jina, na vitisho vyake ni vya kinyago. Lakini akimjeruhi mtu kwa makusudi, kinyago hakimlindi. Uhusiano wa mchezaji na mhusika wake katika kompyuta ni wa namna hiyo hiyo.

Tunaona ngazi tatu. Katika World of Warcraft ayari huchopoa mifuko ya viumbe wanaoendeshwa na programu tu. Hakuna mwanadamu anayepoteza kitu. Katika Ultima Online, mchezo uliotoka mwaka 1997, iliwezekana kuchukua mali ya mhusika wa mchezaji mwingine, na kila aliyeingia alijua kwamba hayo ni sehemu ya mchezo. Ngazi ya tatu iko nje ya mchezo. Mwaka 2007 huko Uholanzi, vijana wawili walimpiga na kumtisha mvulana wa miaka 13 mpaka akaingia katika mchezo wa RuneScape na kuwaachia hirizi na kinyago cha mhusika wake. Tarehe 31 Januari 2012 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua kwamba huo ni wizi, ijapokuwa vitu vyenyewe havishikiki kwa mkono. Nchini Tanzania, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamtia hatiani anayeingia katika mfumo wa kompyuta pasipo idhini. Kwa hiyo kijana anayechukua nywila ya mwenziwe ili amvue mhusika wake mali hachezi tena.

Ikiwa ngazi zote tatu tutaziita “wizi”, tutafanya makosa mawili kwa mara moja. Tutamtia doa mtoto aliyecheza kwa haki, na tutampa kisingizio mkosaji wa kweli, naye atasema: “Nami nilikuwa ninacheza tu.” Kwa hiyo tunapendekeza “kuchopoa” kwa tendo lililoruhusiwa na mchezo, na “kuiba” na “wizi” yabaki kwa kosa la kweli.

ISTILAHI TUNAZOPENDEKEZA

Fani: aina ya kazi aliyopangiwa mhusika tangu mwanzo. Lisitumike “tabaka”, ambalo ni la elimu ya jamii.

Mhusika: kiumbe anayeongozwa na mchezaji. Asichanganywe na mchezaji mwenyewe.

Ayari (maayari): mhusika wa fani ya kunyemelea, kuhadaa na kupiga kwa ghafla.

Muundo: mpango wa vipaji, silaha na mavazi ambao mchezaji amemchagulia mhusika.

Daraja: kiwango cha ukuaji wa mhusika. Kitenzi chake ni kupanda daraja.

Nukta ya kipaji: haki ya kuchagua au kuongeza kipaji kimoja.

Unyemeleaji: hali ya kutembea bila ya kuonekana na adui.

Pigo la mgongoni: pigo lipigwalo kutoka nyuma ya adui tu.

Pumzi: akiba ya nguvu inayopungua kwa kila pigo na kurudi yenyewe.

Alama za mfululizo: alama zinazokusanywa kwa mapigo ya kawaida.

Pigo la kumalizia: pigo linalotumia alama zote za mfululizo.

Kutegua: kuuondolea mtego nguvu yake.

Kuchopoa: kuchukua kitu cha kiumbe au mhusika mwingine kwa kufuata kanuni za mchezo.

HITIMISHO

Haya ni mapendekezo, si maamuzi. Neno “ayari” litaishi ikiwa wafasiri watalitumia na walimu watalieleza. Wasipofanya hivyo litalala kamusini kama lilivyolala. Tunawaomba wasomaji, hasa wale wa Newala, Masasi na Tandahimba, watueleze ikiwa Kimakonde, Kimakua au Kiyao zina jina la mtu wa namna hii lisilobeba tuhuma. Likipatikana, tutakuwa tayari kulipima pamoja na “ayari”, kwa kuwa utaratibu wetu unazitanguliza lugha hizo. Wakati tukisubiri, tungependa jambo moja lizingatiwe na kila mwalimu na kila mtumishi: asiandike “mwizi” penye jina la mtoto kabla ya kuuliza ni nini hasa kilichochukuliwa, na kutoka kwa nani.